Asilimia 40 si kipimo cha mvua: utabiri wa majira ya joto Colorado na Wyoming unavyosomwa vibaya

Kila Alhamisi ya tatu ya mwezi, Kituo cha Utabiri wa Tabianchi cha Marekani (CPC) hutoa ramani za miezi mitatu ijayo. Na kila zikitoka swali ni lile lile, awe anayeuliza ni mfugaji wa Wyoming, mkulima wa mahindi wa mashariki ya Colorado, au Mswahili mwenzetu wa Denver mwenye mchicha nyuma ya nyumba: “Wamesema asilimia 40 kavu, kwa hiyo mvua itapungua kwa asilimia 40?”

Hapana. Ile 40 haipimi mvua hata tone moja.

Chukua majira ya joto 30, Juni hadi Agosti, kuanzia mwaka 1991 hadi 2020. Andika mvua ya kila mwaka kwenye kikaratasi chake, kisha vipange kuanzia mwaka mkavu kuliko yote hadi ule wa mvua nyingi kuliko yote. Vikaratasi kumi vya mwanzo ndivyo “chini ya kawaida”, kumi vya kati ndivyo “kawaida”, kumi vya mwisho ndivyo “juu ya kawaida”. Kama hujui lolote kuhusu msimu ujao, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 na ushei. Ramani ikipakwa kahawia na kuandikwa 40, maana yake fungu kavu limepandishwa kutoka 33 hadi 40. Hizo saba zimechotwa kwenye fungu la mvua nyingi, ambalo sasa limebaki na 27. Fungu la kati halikuguswa. Ikiandikwa 50, mgawanyo ni 50, 33 na 17.

Sasa piga hesabu kama mtu anayeweka fedha yake hapo. Katika misimu kumi yenye ramani ya namna hiyo, takriban minne itakuwa mikavu, mitatu ya kawaida, na karibu mitatu itakuwa na mvua nyingi. Misimu sita kati ya kumi haiwi mikavu! Anayeuza nusu ya ng'ombe mwezi Mei kwa sababu ya ile 40 peke yake amefanya uamuzi ambao ramani haikumwambia afanye. Wala ramani haisemi ukavu utakuwa mkali kiasi gani: mwaka ulioponea chupuchupu kuingia fungu la kati na mwaka uliokausha visima vinahesabiwa pamoja.

Aliyezoea utabiri wa masika na vuli unaotolewa na ICPAC, kituo cha utabiri wa tabianchi cha kanda, kwa Pembe ya Afrika anayajua mafungu haya matatu. Yasome vivyo hivyo.

Eneo jeupe nalo linapotosha. Watu huona nyeupe wakasema msimu utakuwa wa kawaida. Nyeupe ni “nafasi sawa”: wataalamu hawakupata ishara ya kuegemea upande wowote, kwa hiyo mafungu yote yamebaki na 33. Kwa mvua za majira ya joto katika nyanda hizi, nyeupe huonekana mara nyingi, kwa sababu mvua hutokana na mawingu ya radi ya alasiri. Wingu moja linaweza kumwaga milimita 25 kwenye shamba lako ndani ya nusu saa, na jirani wa kilomita nane akaambulia vumbi. Hakuna anayeweza kuona hilo miezi mitatu kabla.

Ufanye nini basi? Weka tarehe ya uamuzi, tuseme katikati ya Juni, maana nyasi za nyanda hizi hukua hasa kwa mvua za Aprili hadi Juni. Kabla ya tarehe hiyo pima udongo wako mwenyewe. Tafuta nondo nyembamba yenye ncha ya mviringo, isukume ardhini kwa mikono bila kuizungusha. Inapogoma, unyevu umeishia hapo. Ikigonga jiwe utasikia mlio, sogea hatua mbili ujaribu tena. Pima sehemu kumi, siyo moja. Udongo tifutifu wenye unyevu wa kutosha hubeba kama milimita 50 za maji ya mmea katika kila sentimita 30 za kina. Nondo iliyoishia sentimita 30 inakwambia mengi kuliko rangi yoyote ya ramani. Ndipo uangalie ramani ya ukame ya Marekani inayotolewa kila Alhamisi na utabiri wa mwelekeo wa siku 8 hadi 14, na ule wa msimu uuweke mwisho kabisa.

Dhana ya pili tumeibeba wenyewe ndani ya Kiswahili. Tunaita majira haya “kiangazi”, na masikioni mwetu kiangazi ni ukavu. Denver ni kinyume. Wastani wa mvua ya Juni hadi Agosti ni takriban milimita 144, lakini Desemba hadi Februari ni kama 29 tu, theluji ikiwa imeshayeyushwa na kupimwa kama maji. Theluji huonekana nyingi kwa sababu ni nyepesi: sentimita 10 hadi 15 zake hutoa sentimita moja ya maji. Anayepanga bustani akidhani maji yote hushuka kipupwe anakosea msimu.

Dhana nyingine husikika hivi: “Theluji ilikuwa nyingi milimani, basi majira ya joto yatakuwa na mvua.” Theluji hujaza mito na mabwawa. Mvua ya Julai na Agosti hutegemea sana unyevunyevu wa monsuni unaopanda kutoka Mexico, na theluji nyingi haiuhakikishi.

“El Niño imekuja, tumeokoka.” Nguvu yake Marekani huonekana zaidi kipupwe, wakati wa joto ishara yake hapa ni hafifu. Kinachoipaka ramani ya halijoto rangi nyekundu mwaka hadi mwaka ni ongezeko la joto la miongo hii.

“Anga ni safi asubuhi, tutafika kileleni mchana.” Miteremko hupata joto haraka, na mawingu ya radi huanza kujengeka juu ya vilele kabla ya tambarare. Anza kupanda kabla ya mapambazuko, na saa sita mchana uwe umeshashuka chini ya mpaka wa miti, ambao Colorado uko kwenye mita 3,500 hivi.

Dhana inayoua ni hii: utabiri wa msimu mkavu unamaanisha hakuna mafuriko. Tarehe 31 Julai 1976, katika korongo la mto Big Thompson, Colorado, mvua ya takriban milimita 300 ilishuka ndani ya saa nne hivi, na zaidi ya watu 140 walikufa. Jioni moja tu. Msimu mzima ungeweza kuwa wowote. Ukisikia tahadhari ya mafuriko ukiwa ndani ya korongo, usijaribu kuyakimbia maji kwa gari ukifuata barabara ya mtoni. Liache hapo, panda ukingo kwa miguu, juu kadiri uwezavyo.