Kimiminika cha kwenye skrini kinavyogeuza mawimbi: dhana potofu na ukweli

"Fuwele kimiminika ni ya televisheni na vikokotoo tu."

Hii ndiyo dhana ninayokutana nayo mara nyingi, na inawanyima watu jambo zuri sana. Mwaka 1888 huko Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alipasha moto kampaundi ya kolesteroli. Kwenye nyuzi 145.5 iliyeyuka ikawa na ukungu; kwenye 178.5 ukungu ukatoweka. Katikati ya joto hizo mbili kitu kile kilitiririka huku molekuli zake, zenye umbo la vijiti, zikiendelea kujipanga: hiyo ndiyo fuwele kimiminika. Utaona jambo kama hilo skrini ya LCD, yaani ya fuwele kimiminika, ikipata joto kali: inaingia doa jeusi, na ikipoa doa linaondoka. Mpangilio ulivunjika, kisha ukarudi.

Maikrowevu, yaani mawimbi mafupi ya redio, nayo yanauhisi mpangilio huo. Uga wa umeme wa wimbi ukilala sambamba na vijiti, wimbi huchelewa zaidi kuliko ukivikata. Volti chache huvigeuza vijiti, na ucheleweshaji hubadilika; kwa njia hiyo antena inaweza kuelekeza mawimbi yake.

"Basi chukua kioo cha televisheni, ukiweke mbele ya antena."

Hapa ndipo wengi hukwama. Wimbi la mwanga lina urefu wa karibu nusu ya maikromita (sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo tabaka la maikromita nne au tano linalitosha. Wimbi la gigahezi 12 lina sentimita 2.5! Likikatiza tabaka jembamba namna hiyo, halitambui hata kama limepita kitu. Tuseme tofauti ya ucheleweshaji kati ya mielekeo miwili ya vijiti ni 0.2, yaani sehemu ya tano ya wimbi kwa kila sentimita 2.5 za njia: ili wimbi libaki nyuma mzunguko mzima, linahitaji kusafiri sentimita 12.5 ndani ya kimiminika. Dawa yake ni kulipitisha kwa urefu, likifuata laini ya shaba iliyokunjwakunjwa juu ya tabaka, badala ya kulikatiza.

"Kimiminika kinaongeza nguvu ya mawimbi."

Hapana. Hakizalishi wimbi wala hakiliongezei nguvu, kinakula kidogo. Kazi yake ni kuchelewesha.

"Mwale haugeuki mpaka sahani izunguke."

Watazame wavuvi wakivuta juya ufukweni. Wa upande mmoja wakivuta polepole, wavu unakuja ukiwa umeinama. Antena bapa ina safu za vipengele vidogo. Kila kimoja kikichelewa kidogo kuliko jirani yake, wimbi zima linaelekea upande mwingine bila kitu chochote kuzunguka. Kymeta ya jimbo la Washington, Marekani, hutengeneza antena bapa za fuwele kimiminika zinazofungwa juu ya magari na boti kufuata setilaiti.

"Kwa kuwa ni umeme, hugeuka papo hapo."

Umeme unavisukuma vijiti, lakini volti ikiondoka vinarudi vyenyewe, na muda wa kurudi hukua kwa mraba wa unene wa tabaka. Tabaka la maikromita 100 ni nene mara 20 kuliko la maikromita 5, hivyo hurudi taratibu mara 400. Baridi huzidisha mnato wa kimiminika, na uvivu pia. Ukipunguza unene unapata kasi, ila laini ya shaba nayo lazima iwe nyembamba, na laini nyembamba hupoteza nguvu zaidi ya wimbi njiani. Mhandisi anayechora antena hizi hushindana na unene huo kila siku.