Kiuno Kinachouma Hakianzi na Nguvu

Wagonjwa wengi wanaonijia na maumivu ya kiuno huwa wameshajianzishia mazoezi: wanalala chali na kuinua kiwiliwili mara nyingi wawezavyo ili tumbo liwe gumu. Nia yao ni njema, ila zoezi hilo hukunja uti wa mgongo tena na tena na kuzibana pingili ambazo tayari zina shida. Misuli ninayoanza nayo mimi iko ndani zaidi.

Mmoja ni msuli wa ndani kabisa wa tumbo, unaozunguka kiuno kama mshipi. Mwingine ni maltifidasi, ulioshikana na pingili kwa nyuma. Mwaka 1996, watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Australia walionyesha kwamba mtu asiye na tatizo akiinua mkono, ule msuli wa tumbo hukaza kabla ya msuli unaouinua mkono. Kwa aliyezoea kuumwa kiuno, ulichelewa. Mwaka huohuo Julie Hides na wenzake waliona kwamba maltifidasi iliyosinyaa wakati wa maumivu ya mara ya kwanza hairudi hali yake yenyewe, hata maumivu yakishaisha. Ndiyo maana nasisitiza mazoezi hata kwa anayesema amepona.

Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae sakafuni. Weka vidole ndani kidogo ya ile mifupa miwili ya nyonga inayojitokeza mbele. Toa pumzi polepole, kisha vuta tumbo la chini kuelekea ndani bila kusogeza mgongo. Vidole vihisi msuli ukikaza taratibu. Ukivimba na kuvisukuma nje, umetumia nguvu nyingi mno, punguza. Shikilia sekunde 10 huku ukipumua kawaida, pumzika, rudia mara 10. Kupumua ndiko kunakowashinda wengi. Afadhali ushikilie sekunde 3 ukiwa unapumua kuliko 10 ukiwa umebana pumzi.

Ukiliweza hilo, piga magoti na kushika sakafu kwa viganja, kaza vilevile, kisha nyoosha mguu mmoja nyuma na mkono wa upande wa pili mbele. Kiuno kisibonyee wala nyonga isipinde. Stuart McGill, mtafiti wa mgongo wa Kanada, aliyelieneza sana zoezi hili, hushauri kutoshikilia zaidi ya sekunde 10, bali kuongeza marudio. Nakubaliana naye: kiuno kinahitaji ustahimilivu.

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2016 na Cochrane, shirika la kimataifa linalopima ushahidi wa tiba, hayakuona mazoezi haya yakiyazidi mazoezi mengine kwa maumivu sugu. Basi kama kutembea au kuogelea kunakusaidia, usiache. Mimi huyapendelea kwa mtu anayeogopa kuinama au kugeuka, kwa sababu yanamrudishia imani na mwili wake kidogokidogo. Baada ya wiki kadhaa, acha kukaza kwa makusudi unapotembea au kuketi. Wapo wanaoshinda wamejikaza, na hilo nalo huleta maumivu.

Lakini ukiona ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo haupiti au unashindwa kuuzuia, au miguu inalegea, usifanye zoezi lolote. Nenda hospitali siku hiyohiyo.