Je, wajua kwa nini wahusika wa katuni huchorwa kwa mistari michache?

Anayebuni mhusika wake wa kwanza wa katuni hushikwa na hamu ya kumpamba. Humvika shati la miraba, mkanda wenye bizimu, nywele za misuko na viatu vya kamba. Kwenye karatasi moja anapendeza kweli. Kazi huanza pale mhusika huyo anapotakiwa kuinua mkono.

Filamu kwa kawaida hupitisha picha 24 kila sekunde. Wachoraji wengi wa katuni za mkono hutumia mchoro mmoja kwa picha mbili, kwa hiyo sekunde moja inahitaji michoro 12, na dakika moja inahitaji 720. Sasa mpe mhusika wako shati lenye vifungo 6. Ndani ya dakika moja utakuwa umechora vifungo 4,320! Tena kila kimoja lazima kikae mahali pake hasa, maana kikisogea hata unywele kati ya mchoro mmoja na unaofuata, mtazamaji atakiona kikitambaa kifuani kama mdudu. Shati la miraba ni balaa zaidi, kwa kuwa kila mstari unapaswa kupinda pamoja na mwili, kukunjamana kwenye kiwiko na kunyooka tena.

Kwa hiyo wachoraji hupunguza, na wamefanya hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1908, Mfaransa Émile Cohl alitoa filamu fupi, Fantasmagorie, yenye michoro takriban 700. Mhusika wake alikuwa kijitu cha vijiti tu: kichwa cha mviringo, mikono na miguu ya mistari. Hata hivyo anacheza, anaanguka, anageuka, na macho yako hayambanduki.

Mickey Mouse, aliyeonekana kwa watazamaji mwaka 1928, alijengwa kwa maduara. Duara lina faida kubwa: halina upande. Ndiyo maana masikio yake hubaki ya mviringo hata anapogeuza kichwa, jambo lisilowezekana kwa panya wa kweli, wala hakuna anayelalamika. Nguo yake ni kaptura yenye vifungo viwili vikubwa tu. Mwaka uliofuata alivikwa glavu nyeupe, na sababu mojawapo ni ya kuona: filamu zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mkono mweusi ukipita mbele ya mwili mweusi ulipotea kabisa. Vidole vyake ni vinne, kwa sababu vitano kwenye kiganja kidogo cha mviringo husongamana, na kidole kimoja kikipungua, mistari mingi inapungua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa dubu Yogi, aliyeanza kuonekana kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1958. Hana shati, lakini ana kola na tai. Kwa nini? Kichwa chake kilichorwa kwenye karatasi angavu ya plastiki iliyo peke yake, na mwili kwenye nyingine. Akizungumza, kichwa hubadilika na mwili hubaki uleule, nayo kola huficha mahali viwili hivyo vinapoungana. Kitu kinachoonekana kama pambo kumbe kinaokoa kazi ya siku nyingi.

Kupunguza mistari hakumaanishi kumfanya mhusika afanane na wengine. Hapa ndipo wanaoanza wengi hukosea, maana huanza na macho na kuyarembesha, ilhali umbo la mwili mzima wameliacha bila kulifikiria. Mimi naamini umbo huja kwanza. Mpake wino mhusika wako mwili mzima abaki kivuli cheusi. Je, bado unamtambua? Unajua anatazama wapi na mikono yake inafanya nini? Kama wahusika wako wawili hubaki kivuli kimoja, badilisha miili yao: mmoja awe mrefu mwembamba kama mwanzi, mwingine mfupi mnene kama mtungi. Rangi na nguo hazitakuokoa hapo.

Usoni, ningefuta pua kabla ya kugusa nyusi. Nyusi ni vistari viwili tu, lakini vikiinuka kuna mshangao, vikishuka katikati kuna hasira, vikilegea pembeni kuna huzuni.

Kabla ya kumkubali mhusika, mchore kutoka mbele, ubavuni na mgongoni. Kisha ficha karatasi hiyo, umchore tena mara 10 kwa kukumbuka: ameketi, anakimbia, amelala. Linganisha. Alama unayoisahau kila mara, au inayohama mahali kila mara, ifute sasa, wakati bado ipo kwenye karatasi 10 na si 720.