Stars haikukosa pumzi

Taja AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kwenye kijiwe chochote cha Ngamiani, Tanga, jibu kuhusu timu ya taifa ya Tanzania ni lilelile: "Taifa Stars hawana pumzi." Kesho yake alfajiri mzazi anampeleka mwanawe ufukweni Raskazone akakimbie kilomita 10 mchangani. Jamani, tuwaonee huruma hawa watoto!

Mchezaji wa kiungo hutimiza kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, lakini sehemu kubwa ni kutembea na mchakamchaka. Kinachoamua mechi ni mbio kali za sekunde 2 hadi 4, tena na tena. Mbio ndefu za polepole hazimwandai kwa hilo, na mchanga laini huchosha kano ya kisigino. Mpe mbio 6 za mita 30, apumzike sekunde 30 kila baada ya moja. Kisha dakika 4 za mapumziko, arudie seti nzima. Mara 2 kwa wiki, na si siku moja kabla ya mechi.

Halafu tazameni mabao yenyewe. AFCON ya Januari 2024 Stars iliongoza dhidi ya Zambia kwa bao la Msuva dakika ya 11, Zambia ikabaki na watu 10 kabla ya mapumziko, na bado Daka akasawazisha kwa kichwa dakika ya 88. Ukiwa na mtu mmoja zaidi, mpinzani ndiye anapaswa kukimbizwa. Ukibutua kila mpira, unamrudishia, kisha unaanza kuufukuza wewe. Pumzi inaishia hapo! Zoezeni watano kumiliki mpira dhidi ya wawili, kugusa mara mbili tu. Kona zoezeni mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka: nani anakaba nani, nani yuko nguzo ya karibu. Wengi huzizoeza mwanzoni, wachezaji wakiwa bado wabichi, kisha wanashangaa dakika ya 88.

Ugali hauui pumzi. Ni wanga, na misuli inautaka. Kosa ni kuushindilia saa moja kabla ya mechi badala ya saa tatu.

Kijiweni husema pia: "Kocha afukuzwe." Makocha wamebadilika tayari: mwaka 2019 alikuwepo Amunike, 2024 Amrouche alisimamishwa baada ya mechi moja. Kocha wa timu ya taifa hupata siku chache tu na wachezaji; kukaba hufundishwa klabuni, kuanzia miaka 12.

Au: "Kundi lilikuwa gumu." Hapa kuna ukweli: mwaka 2019 Senegal na Algeria, zote zilizoifunga Stars, ndizo zilizokutana fainali. Ila Kenya, iliyotoka nyuma mara mbili na kuifunga Stars 3-2, nayo iliishia makundi.