Mbwa kunguruma: maana yake ni nini?

Kunguruma ni ule mlio mzito wa chini ambao mbwa huutoa kooni, mara nyingi kinywa kikiwa kimefumbwa au meno yakichungulia kidogo tu. Wengi wakiusikia husema mbwa amekuwa mkali. Mimi naona anaongea, tena kiungwana: anaomba apewe nafasi kabla hajalazimika kuuma.

Mtazame mbwa anayeguguna mfupa mtu anapomsogelea. Kwanza huacha kutafuna. Mwili hukakamaa, kichwa huuinamia mfupa, jicho humwangalia mtu kwa pembeni mpaka weupe wake uonekane. Ndipo hunguruma. Ukirudi nyuma hatua mbili, mara nyingi hunyamaza na kuendelea na mfupa wake. Ukimchapa kwa sababu amenguruma, hofu yake inabaki palepale. Ulichomfundisha ni kunyamaza, na siku nyingine anaweza kuuma bila kuonya. Kosa hili linanisikitisha sana, maana anayeumwa huenda akawa mtoto ambaye hakusikia onyo lolote.

Hata hivyo, kuna kunguruma kwa mchezo. Mkivutana kamba, mbwa hunguruma kwa vipande vifupivifupi, mwili umelegea, na kamba ikimtoka hulaza miguu ya mbele chini huku kiuno kiko juu, akikuita mwendelee. Mbwa wenyewe hawachanganyi milio hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watafiti wa Hungaria na Austria waliweka mfupa mbele ya spika iliyofichwa. Mbwa aliyeufuata akisikia mngurumo uliorekodiwa kwa mbwa anayelinda chakula, kwa kawaida alirudi nyuma. Mngurumo wa mchezo haukumtisha hivyo.

Kubweka nako sikiliza uzito na kasi. Sauti nzito inayofuatana upesi huwa ya kumfukuza mgeni. Nyembamba, yenye vituo virefu katikati, mara nyingi ni ya mbwa aliyeachwa peke yake. Kulialia ni kuomba: mlango, maji, au kuondolewa woga.

Na mbwa mpole akianza ghafla kunguruma unapomgusa nyonga au sikio, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujamwita mkorofi. Huenda pale ulipogusa ndipo panapouma.