Je, wajua kwa nini mkandarasi anaweza kujenga zahanati ya bure na bado asiwe amewajibika kwa jamii?

Kampuni ya ujenzi ikikabidhi madawati au ikipanda miti, picha hupigwa, na kwenye ripoti ya mwaka huandikwa kwamba jamii imekumbukwa. Wengi wetu tukisikia uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, picha inayotujia ni hiyo. Msaada ni jambo jema. Ila kwenye ujenzi, msaada ni kipande kidogo sana cha uwajibikaji, na kuuchukua kama ndio wote kumegharimu watu uhai.

Mwaka 2010 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa mwongozo wa uwajibikaji kwa jamii uitwao ISO 26000. Unataja mambo saba ya msingi: uongozi wa taasisi, haki za binadamu, masuala ya ajira na kazi, mazingira, biashara ya haki, maslahi ya wateja, na ushiriki katika maendeleo ya jamii. Zahanati ya bure inaangukia hilo la saba. Sita yaliyotangulia yanahusu namna kazi yenyewe inavyofanyika. Tena mwongozo huu hautolewi cheti, kwa hiyo kampuni ikijitapa kwamba imethibitishwa kwa ISO 26000, hapo pana kasoro.

Kwa nini basi uelewa huu unachelewa kufika kwenye saiti? Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni mnyororo wa kazi. Mwenye mradi humpa kazi mkandarasi mkuu, naye huigawa kwa wakandarasi wadogo wa umeme, mabomba, nondo na plasta. Hao nao huwapa mafundi, na fundi huja na vibarua wake. Sera nzuri iliyotiwa saini makao makuu inashuka ngazi zote hizo, na kila ngazi inapungua kidogo, hadi kibarua anayebeba zege ghorofa ya sita hajui hata kama ipo. Akiumia, kila mmoja anasema huyo si mfanyakazi wangu. Isitoshe, saiti ni ya muda. Jengo likiisha watu hutawanyika, na walichojifunza hapo kinaondoka nao.

Halafu kuna zabuni. Anayetaja bei ya chini ndiye mara nyingi anayeshinda, na ukitaka kushusha bei unaanza na vitu ambavyo havitaonekana jengo likikamilika: kofia ngumu, mikanda ya usalama, vyoo vya wafanyakazi, maji ya kunywa, wavu wa kuzuia vitu visimwangukie mpita njia. Mkandarasi mwema aliyeviweka vyote kwenye bei yake anakosa kazi, na aliyevifuta anaipata. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: mfumo unamwadhibu anayejali.

Inawezekana kufanya tofauti, na si jambo la juzi. Daraja la Golden Gate mjini San Francisco lilianza kujengwa mwaka 1933, wakati wajenzi wakikadiria kwamba kila dola milioni moja ya mradi ingegharimu uhai wa mtu mmoja. Daraja lile liligharimu takriban dola milioni 35. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, aliwataka wafanyakazi wavae kofia ngumu, na chini ya daraja ukatandazwa wavu wa usalama uliogharimu dola 130,000. Wanaume 19 walianguka wakadakwa na wavu ule wakabaki hai. Kisha, tarehe 17 Februari 1937, jukwaa zito la kazi lilianguka na kuuchana wavu, na watu kumi wakafa. Jumla ya waliokufa ilikuwa 11. Bado ni wengi mno, lakini bila wavu wangezidi kwa mbali.

Wajibu haukomi jengo linapokabidhiwa. Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, ilikuwa na ghorofa za juu zilizoongezwa bila kibali. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na benki iliyokuwemo ikawaondoa watu wake. Washonaji wa viwanda vya nguo wao waliamriwa warudi kazini, na tarehe 24 Aprili 2013 jengo likaporomoka. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Mazingira nayo yamo kwenye hesabu hii: utengenezaji wa saruji peke yake hutoa karibu asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu, kwa kuwa mawe ya chokaa yakichomwa huachia gesi hiyo yenyewe, mbali na ile ya mafuta yanayoyachoma.

Kwa tatizo la zabuni, dawa ninayoiamini kuliko semina ilianza kutumika Hong Kong mwaka 1996 kwenye miradi ya serikali. Gharama za usalama ziliondolewa kwenye ushindani wa bei. Katika mkataba hutengwa fungu, takriban asilimia 2 ya thamani ya kazi, lenye bei zilizopangwa kwa mambo kama mafunzo, ukaguzi na vikao vya usalama. Mkandarasi akiyatimiza, analipwa. Asipoyatimiza, fedha hiyo haipati. Kwa hiyo hakuna anayeshinda kazi kwa kufuta usalama kwenye bei yake, maana bei hiyo haikuwa yake kuifuta. Mwenye mradi yeyote, hata wa jengo la ghorofa mbili, anaweza kuweka kipengele cha namna hiyo kwenye mkataba wake kabla mchanga na kokoto havijashushwa.