Kipindi cha ukavu kwa ng'ombe wa maziwa: kiwele kinafanya nini wakati hakikamuliwi

Kukausha ng'ombe maana yake ni kuacha kumkamua kwa makusudi akiwa na mimba ya miezi 7 hivi, ili apate kama siku 60 kabla hajazaa, na huo muda wote ndo unaitwa kipindi cha ukavu. Mimba ya ng'ombe ni siku 280 hivi, hesabu inaanzia siku aliyopandishwa, kwa hiyo tarehe ya kupandishwa lazima iandikwe mahali.

Wengi wanaona ni likizo tu, hamna maziwa hamna kazi, kiwele kinasahaulika mpaka azae. Hapo ndo tunapoumia, manake ugonjwa wa kiwele unaotokea wiki za mwanzo baada ya kuzaa mara nyingi uliingia ng'ombe akiwa mkavu, ukakaa kimya humo ndani, ukasubiri maziwa yarudi.

Ukiacha kukamua, maziwa yanajaa, presha inapanda, na hiyo presha ndo inayozifanya tezi ziache kutengeneza maziwa. Siku za mwanzo kiwele kitavimba na ni kawaida, usikamue "kidogo tu kumpunguzia", ukikamua unaziambia tezi ziendelee na pia unaifungua chuchu upya. Baadaye mwili unafyonza yale yaliyobaki, seli zilizochoka zinaondoka, na karibu na kuzaa zinakuwepo mpya na dang'a linaanza kutengenezwa. Ng'ombe aliyekamuliwa mpaka siku ya kuzaa, uzao unaofuata maziwa yanapungua, hilo halina ubishi.

Chuchu nayo ina kazi yake. Kwenye kile kijitundu cha ncha mwili unatengeneza kizibo cha keratini, kitu kama nta, kinachozuia bakteria wasipande juu. Ila hakizibi papo hapo, chuchu nyingine zinachukua wiki kadhaa, nyingine hazizibi vizuri kabisa, hasa kama ncha imechubuka au ng'ombe alikaushwa bado anatoa maziwa mengi. Ndo maana unaanza kupunguza pumba na chakula cha ziada wiki moja au mbili kabla (maji usimnyime jamani, ni mateso), maziwa yashuke yenyewe. Muda wa hatari ni wiki 2 za mwanzo, kizibo hakijakamilika, na wiki 2 za mwisho, kiwele kinajaa tena na kizibo kinalegea. Katikati hapo panakuwa na nafuu.

Siku ya kukausha, mkamue mpaka mwisho, pima maziwa ya kila robo ya kiwele (kila chuchu ina robo yake) kwa CMT, kile kipimo cha haraka cha ugonjwa wa kiwele, ujue ipi ina ugonjwa usioonekana kwa macho, halafu ongea na daktari wa mifugo kuhusu tyubu za antibiotiki za kukaushia. Umoja wa Ulaya tangu 2022 umezuia kuwapa ng'ombe wote kama desturi, wanaopewa ni wale wenye sababu, na mi naona ni sawa kabisa, ng'ombe mwenye kiwele safi anatosha kuzibwa chuchu na dawa ya kuziba isiyo na antibiotiki.

Lakini tyubu yenyewe inaweza kuleta ugonjwa ukiiingiza kichafu. Futa ncha ya kila chuchu kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, anza kusafisha zile za upande wa mbali ndo uje za karibu yako, ila kuweka dawa anza na za karibu umalizie za mbali, hivyo mkono haugusi ulizokwisha kusafisha. Ncha ya tyubu iingie kidogo tu, milimita 3 hivi inatosha, ukiisukuma yote unaumiza mfereji na kuingiza uchafu ndani. Malizia kwa kuchovya chuchu zote kwenye dawa ya kuua vijidudu.

Baada ya hapo alale pakavu, kila siku kiangalie kiwele kwa nyuma bila kukamua. Robo moja ikizidi wenzake, ikawa ya moto, ngumu, na ng'ombe kagoma kula, muite daktari siku hiyo hiyo.

Na kama uliweka ile dawa ya kuziba, akizaa toa kwa mkono michirizi kama kumi ya mwanzo kila chuchu, utaona vipande vyeupe vizito vinatoka, hiyo ni dawa yenyewe, usikimbilie kumchoma sindano ukidhani ni ugonjwa wa kiwele.